Mraba wa Mwanangu Asiyezaliwa

Jumanne, tarehe 14 Septemba 2004, daktari mmoja wa kike aliniuliza mwanangu alizaliwa lini, nami nikamjibu kwamba hakuzaliwa. Aliinua kalamu, akaitazama karatasi, kisha akanitazama mimi.

"Samahani, mama. Namuulizia baba wa huyu mtoto."

"Ndiye huyo huyo ninayekujibu."

"Yuko wapi?"

"Hayupo. Sikumzaa."

Hakucheka, na kwa hilo namheshimu hadi leo. Muuguzi aliyekuja naye, mwenyeji wa Tarime, aliinama kama mtu aliyepoteza kitu chini ya meza, mabega yakimtetemeka. Daktari alikuwa ametoka mkoa wa mbali na mila zetu hakuzijua. Alichora miraba kwa wanaume na miduara kwa wanawake, akiiunganisha kwa mistari, apate kuona ugonjwa wa mifupa uliomo katika ukoo wa marehemu mume wangu ulipitia wapi. Nilimwelekeza achore mraba mmoja chini yangu na chini ya mume wangu, naye akauchora. Ndani yake akaweka alama ya kuuliza.

Yapasa nieleze. Kwetu, mwanamke akifiwa na mume bila kupata mwana wa kiume, anaruhusiwa kuoa. Desturi hiyo huitwa nyumba ntobhu. Mjane hutoa ng'ombe, akaleta msichana nyumbani kwake kwa jina la mwana ambaye angekuwa naye kama Mungu angependa. Msichana yule si mke wangu kwa maana wanayoifikiria watu wa mjini wanapocheka, bali ni mkamwana wangu, mke wa mwanangu asiyezaliwa. Watoto wake ni wajukuu wangu na hubeba jina la mume wangu. Nani amempa mimba ni jambo lisiloulizwa. Kuliuliza ni utovu wa adabu, na kulijibu ni utovu mkubwa zaidi.

Mimi sikujaliwa mtoto hata mmoja. Mume wangu alifariki Alhamisi, tarehe 17 Machi 1994. Nazitaja tarehe kwa sababu nilijifunza kusoma nikiwa mtu mzima, katika darasa la elimu ya watu wazima chini ya paa la ghala la pamba, na kitu cha kwanza nilichoweza kuandika bila kusaidiwa kilikuwa tarehe ya siku ile. Tangu hapo sijaacha. Wenzangu waliandika majina yao wakaridhika. Mimi niliendelea na masomo mpaka nikafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikiwa na mvi, miongoni mwa watoto waliofikiri nimekuja kuwasimamia.

Mume wangu alikuwa na vinundu. Alikuwa navyo juu ya magoti, kwenye vifundo vya mikono, na kimoja chini ya bega, kigumu kama kokwa la embe lililofichwa chini ya ngozi. Havikuuma isipokuwa alipovigonga, na mkono wake mmoja ulikuwa mfupi kidogo kuliko wa pili. Dada yake, wifi yangu, alikuwa navyo vilevile. Watu walisema ni mifupa ya nyumba ile. Mume wangu mwenyewe alisema kwa mzaha kwamba Mungu alipomaliza kumuumba alibakiwa na udongo, akaona asiutupe.

Jumamosi, tarehe 3 Agosti 1996, nilimwoa msichana kutoka Natta, wilaya ya Serengeti. Alikuwa mrefu, mpole, mwepesi wa kazi, na lugha yetu aliizungumza kwa kusitasita, kwa hiyo nyumbani tulizungumza Kiswahili. Aliniita Mama. Jumamosi, tarehe 9 Mei 1998, alijifungua mtoto wa kiume. Kabla ya hapo palikuwa na fundi mwashi wa Mugumu, kijana mstaarabu, ambaye alikuwa amenijengea nyumba ya bati, na moyoni nilidhani ni yeye. Sikuuliza.

Mtoto alipofikisha miaka mitatu, nikimwogesha, vidole vyangu vilikutana na kitu kigumu juu ya goti lake la kulia. Nikapapasa la kushoto. Nikapapasa vifundo vya mikono. Naandika hapa jambo ambalo leo linanichefua: nilipiga vigelegele. Nilimbeba yule mtoto akiwa na povu la sabuni mwilini, nikamkimbilia wifi yangu nyumba ya pili, nikamwambia, "Tazama! Kaka yako amerudi!" Wifi alishika magoti ya mtoto, akaanza kulia. Tuliamini kwamba ng'ombe waliotolewa wamepokelewa na wazee waliotangulia, kwamba jina limeingia mpaka kwenye mfupa, kwamba mwanangu asiyezaliwa amezaa mtoto aliyefanana na babu yake. Mkamwana wangu alikuwa mlangoni na taulo mkononi. Hakutukaribia. Nilidhani ni haya.

Sasa nitamleta shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ingawa kalamu haipendi.

Miaka ile dhahabu ilikuwa imeharibu watu wa upande wetu. Kutoka kijijini kwetu mpaka machimboni ni mwendo wa saa moja kwa miguu, na kila mwanaume aliyekuwa na sururu alijiona tajiri wa kesho. Vilima vilitobolewa maduara, yaani yale mashimo ya wachimbaji wadogo, na duara likikauka liligeuzwa choo. Njia ya kwenda kisimani ilinuka. Shemeji yangu alikuwa na sehemu yake katika duara mojawapo, akawa anachomea zebaki kwenye kikaango kilekile ambacho mke wake alikaangia mayai. Alitema mate popote alipokuwa, ndani au nje. Alikula akizungumza, akafuta vidole kwenye mwimo wa mlango wangu, na alama ile ya mafuta niliifuta kila Jumapili kwa miaka mingi. Lakini alikuwa ndiye mwanaume pekee aliyesalia wa tumbo la mama mkwe wangu, na nilimpa heshima yake.

Chini ya goti la mguu wake wa kushoto alikuwa na uvimbe mmoja mgumu. Kila mtu alijua asili yake, kwa sababu aliisimulia kila kilipokuwepo kibuyu cha togwa au chupa ya gongo: ujanani, katika msafara wa kuchukua ng'ombe, alipigwa mshale, mti ukakatika, chuma kikabaki ndani. Vijana walimpapasa mguu kwa kicho. Aliutembeza mshale ule kama wengine wanavyotembeza nishani.

Mwaka 2003 habari zilienea kwamba mashamba ya upande wa juu, yaliyokaribiana na machimbo, yatatakiwa kwa uchimbaji, na wenyewe watalipwa fidia. Shamba la mume wangu lilikuwa huko, na mrithi wake alikuwa mjukuu wangu. Ndipo shemeji alipogundua ghafla kwamba vinundu vya mtoto ni ugonjwa, tena ugonjwa wa kigeni.

"Shemeji," aliniambia uani kwangu, mbele ya watu, "huyu msichana wako ametuletea uchafu. Watu wa mbugani hawa. Wamekula nyumbu mpaka mifupa imewaota pembe!"

Watu walicheka. Mkamwana wangu alikuwa anapepeta mtama, mikono haikusimama.

"Kaka yako alikuwa na vinundu," nikamjibu. "Dada yako anavyo."

"Vya kaka vilikuwa vya kaka. Huyu mtoto ana uhusiano gani na kaka? Kaka alikufa ninety-four!" Alikuwa na tabia ya kutaja miaka kwa Kiingereza cha Sirari, mpakani na Kenya, apate kuonekana msafiri. "Mrudishe kwao, na kitoto chake. Mifupa ya kwao irudi kwao."

Aliwapelekea wazee wa ukoo malalamiko hayo. Wazee hawakukataa wala hawakukubali, walisema watakaa. Kukaa kwa wazee kunaweza kuchukua mwaka au mitatu, na wakati wote huo msichana yule alilala akiwa hajui kama kesho atafungishwa mzigo.

Hiyo ndiyo sababu niliwapokea wale madaktari kwa mikono miwili. Walikuwa wanatafuta chanzo cha vinundu katika koo zenye wagonjwa wengi, na hospitali ya wilaya iliwaelekeza kwetu kwa sababu wifi yangu alikuwa amepigwa picha ya mifupa huko. Nilitaka karatasi yenye muhuri itakayosema kwamba vinundu ni vya nyumba ya mume wangu. Kwamba karatasi ile ingeweza kusema zaidi ya hapo halikunipitia akilini. Nilijiona msomi.

Daktari alitoa damu ya wifi, ya mtoto, ya mama yake, na yangu pia kwa sababu nilisisitiza. Alipofika kwa shemeji, alimwomba kwa adabu.

"Shikamoo mzee. Tungependa kukupima na wewe, na kupiga picha huo mguu."

"Marahaba. Mguu huu una mshale, binti yangu, hauna ugonjwa."

"Picha itauonyesha huo mshale vizuri sana, mzee."

"Mshale wangu haupigwi picha!"

Wanawake waliokuwa wamekaa kwenye mkeka walicheka, mmoja akasema, "Mwacheni, daktari, picha ikitoka mshale utadaiwa na wenyewe Wamaasai." Yeye akatema mate pembeni ya viatu vya daktari, akaondoka. Mimi nami nilicheka. Sikumbuki kicheko kingine katika maisha yangu ambacho ningetamani zaidi kukirudisha kinywani.

Miaka miwili ikapita. Jumatano, tarehe 22 Novemba 2006, daktari alirudi, akasema majibu atampa kila mmoja peke yake. Alianza na wifi yangu, kisha akamwita mkamwana wangu, kwa ajili yake na ya mtoto, akamuuliza kama anataka mimi niwepo.

"Aje," alisema. "Ni vizuri asikie."

Tulikaa katika chumba cha zahanati chenye mizani ya watoto ikining'inia dirishani. Daktari alieleza kwa Kiswahili cha kueleweka, nami nakiandika kama nilivyokisikia. Mwili, alisema, hujengwa kwa maelekezo, na maelekezo hayo huwa mawili mawili, moja kutoka kwa mama aliyembeba mtoto, jingine kutoka kwa mwanaume aliyetungisha mimba. Mfupa wa mtoto hurefuka kwenye ncha zake, na kuna maelekezo yanayouambia ukue kuelekea wapi. Katika ukoo huu wameona herufi moja imeruka katika maelekezo hayo, ndiyo maana mfupa hupotea njia na kuchipuka pembeni. Mwenye kosa hilo humrithisha kila mtoto kwa bahati ya nusu kwa nusu. Si laana, si chakula, si nyumbu. Mtoto akimaliza kukua, vinundu huacha kuongezeka. Kinundu kikianza kukua ukubwani au kuuma bila sababu, aende hospitali haraka.

"Kosa alilonalo mtoto," alisema, akimtazama mkamwana wangu, "si la kwako. Damu yako haina."

Nilifurahi. Nikasema, "Nilijua! Limetoka kwa babu yake."

"Ni kosa lile lile tulilolikuta katika ukoo wa marehemu, mama. Wifi yako ameniruhusu nikuambie la kwake."

"Basi limepitia kwa mwanangu."

Daktari aliweka kalamu mezani. "Mama, samahani. Jina halipiti kwenye damu. Ng'ombe hawapiti kwenye damu. Hili hupita kwa mwili tu, kutoka kwa mtu aliye hai kwenda kwa mtoto."

"Unataka kusema nini?"

"Sitaki kusema zaidi, kwa sababu zaidi ya hapo si langu kulisema."

Nilitoka nje. Wakati ule jua lilikuwa kali na mbele ya zahanati kina mama walikuwa wanangoja chanjo. Nilihesabu, kama nilivyozoea kuhesabu. Nikitoa miezi tisa kutoka tarehe 9 Mei 1998, nafika katikati ya Agosti 1997. Sikuhitaji kufungua daftari langu. Kuanzia Jumatatu tarehe 4 Agosti mpaka Jumamosi tarehe 23 Agosti 1997 nilikuwa Tarime mjini, katika mafunzo ya walimu wa kujitolea wa watu wazima. Fundi mwashi alikwisha kurudi Mugumu tangu Mei, bati likiwa limepigwa. Nyumba nilimwachia shemeji. Mimi mwenyewe nilimkabidhi. Niliporudi alinipokea na mguu wa mbuzi uliofungwa kwa majani ya mgomba, akasema, "Nyumba yako nimeilinda, shemeji."

Watoto wake wa kiume mwaka ule walikuwa bado wanacheza na matairi. Hapakuwa na mwanaume mwingine wa damu ile.

Msomaji asiye wa kwetu afahamu uzito wa jambo hili. Mkamwana kwa ndugu wa baba mkwe ni kama mkamwana kwa baba mkwe mwenyewe. Kati yao kuna ensoni, haya iliyowekwa na mila. Mwanaume haingii chumbani mwa mkamwana, hakai kwenye kitanda chake, hapokei kitu mkononi mwake. Wakikutana njiani, mmoja hupisha. Mwanaume anayelivuka hilo hafananishwi na mwizi wala na mlevi. Hana kitu cha kufananishwa nacho.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mtoto akitangulia. Tulipofika penye mawe ya kupumzikia nikamwambia mkamwana wangu akae.

"Mwanangu, ilikuwa Agosti?"

"Ulikwenda Tarime."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alikuja kuomba ufunguo wa ghala," alisema, kana kwamba swali langu lilikuwa jingine. "Alisema nikisema, atawaambia wazee mimi ndiye niliyemwita, na ng'ombe zitarudi, na baba yangu alikwisha kumwoza kaka yangu kwa ng'ombe zile. Nilingoja urudi nikuambie. Ukarudi, ukafurahia ule mguu wa mbuzi. Nikasema, kesho. Halafu mimba. Halafu mtoto akaota vile vinundu, nikasema, sasa Mama ataona mwenyewe. Anajua kusoma, anajua tarehe zote. Ataona." Alimtazama mtoto aliyekuwa mbele. "Ukapiga vigelegele, Mama."

Naliandika hili bila kujitetea.

Siku ile ile shemeji alipita uani, akaketi kwenye kiti cha mume wangu kama kawaida yake, akaomba maji. Nilimpa. Niliona mkono ukipokea kikombe, ukucha wa kidole gumba umejaa weusi wa duarani, na midomo yake ikifunika ukingo wa enameli. Aliniuliza wale wapima damu wamesema nini. Nikasema wamesema mambo ya kitaalamu. Alipoondoka nilisugua kile kikombe kwa majivu mpaka maua yaliyochorwa yakabanduka, kisha nikakitupa kwenye shimo la choo. Kiti nilikipasua kuni. Kilikuwa kiti alichokichonga mume wangu.

Lakini kuchukizwa si mpango. Wazee walikuwa wameitisha kikao Jumamosi, tarehe 2 Desemba 2006, na nilikuwa na siku kumi za kufikiri. Nikilisema jambo lenyewe, nitamwondolea mkamwana wangu tuhuma ya kuleta ugonjwa, nimpe mtoto wake aibu ya kuzaliwa katika mwiko, aibu ambayo watoto wenzake wangemwimbia mpaka azeeke. Nikinyamaza, watafukuzwa wote wawili. Nilimuuliza mkamwana wangu anataka niseme au ninyamaze. Alijibu, "Mtoto asisikie."

Kikao kilikuwa nyumbani kwa mzee mkubwa wa ukoo. Shemeji alivaa koti. Alizungumza vizuri, sauti alikuwa nayo. Alisema nyumba ya kaka yake imechafuliwa na mifupa ya kigeni, na shamba haliwezi kwenda kwa mtoto wa mifupa ya kigeni.

Nikasimama. Nilikuwa na karatasi yenye muhuri, nikaisoma neno kwa neno: kwamba damu ya mama wa mtoto haina kosa lile, na kwamba mtoto anayo alama ya ukoo wa marehemu.

"Hiyo karatasi imeandikwa na watu," shemeji alisema. "Watu hudanganya."

"Ni kweli," nikamjibu. "Watu hudanganya. Kwa hiyo, wazee wangu, naomba jambo moja. Madaktari watarudi mwezi wa pili. Naomba wanaume wote wa nyumba hii, kuanzia shemeji yangu, watoe damu, na miguu ipigwe picha. Karatasi ikionyesha kwamba mtoto si wa mifupa yetu, nitamfungisha mama yake mizigo mimi mwenyewe."

Mzee mkubwa, ambaye macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, aligeuza kichwa upande alikosikia pumzi ya shemeji.

"Mura, kijana wangu, umesikia? Utatoa damu?"

"Mimi nina mshale, mzee."

"Mshale haukatazi damu. Unaileta."

Wengine walicheka. Wifi yangu, ambaye majibu yake alikuwa nayo na akili yake ilikuwa timamu, hakucheka. Alikuwa anamtazama mdogo wake mguuni. Nikaona uso wake ukibadilika polepole, kama maziwa yanapokatika.

"Mdogo wangu," alisema, "ule uvimbe ulikuwa nao kabla ya jando. Mimi ndiye niliyekuwa nakubeba."

Shemeji alisimama, akafunga kifungo cha koti, akakifungua. Alisema nia yake ilikuwa njema tu, kulinda jina la kaka. Kwamba kama karatasi ya serikali imesema mtoto ni wetu, yeye ni nani apinge. Anaondoa malalamiko.

"Umeyaondoa?" mzee akauliza.

"Nimeyaondoa."

"Basi yameisha," mzee akasema haraka, haraka mno, na wote wakainuka kama watu waliosikia mvua inakuja. Walikuwa wameelewa. Niliona katika namna walivyokwepa kumpa mkono, na katika namna walivyokubaliana, bila neno, kwamba hawakuelewa kitu. Kwenye togwa ya baada ya kikao shemeji alikalishwa mahali pake palepale. Alipewa mrija wake. Hicho ndicho kilichonitapisha njiani, si yeye peke yake: wazee kumi na mmoja wenye heshima zao, midomo yao kwenye chungu kimoja na midomo ile.

Shamba lilibaki la mjukuu wangu. Mkamwana wangu hakufungishwa mzigo. Kwa hesabu ya kijiji nilikuwa nimeshinda, na baadhi ya wanawake walikuja kunipongeza. Nilikwenda jikoni nikamwambia, "Yameisha. Unakaa."

Alikuwa anakoroga uji. "Nakaa wapi, Mama?"

"Hapa. Kwako."

"Atapita kesho kuomba maji."

Katika miaka kumi sikuwahi kumuuliza msichana yule anataka nini. Nilimlea, nilimvisha, nilimfundisha kusoma mezani kwangu, nikajisifu kwa hayo yote. Nikamuuliza siku ile. Alisema anataka kwenda kwao Natta, lakini hataki kuniacha, na anajua kwamba haiwezekani.

Alikuwa sahihi kwamba haiwezekani. Mwenye kuoa hahamii ukweni. Mwanaume anayefanya hivyo kwetu hutungiwa nyimbo. Mjane aliyeoa kwa ng'ombe zake mwenyewe, akaacha boma na kaburi la mumewe, akaenda kukaa kwa wazazi wa mkamwana wake, hata wimbo hajatungiwa, maana hakuwahi kuonekana. Nilikuwa mwanamke wa kujivuna. Bado ninajivuna. Nilikaa na jambo lile mpaka mwisho wa mwaka, nikapalilia kaburi la mume wangu, nikaliwekea mawe mapya. Shamba nilimkabidhi wifi alitunze mpaka mtoto akue. Shemeji alikuja kuuliza kama ni kweli tunahama. Nilimjibu nikiwa nimesimama mlangoni, nisimpishe: "Ndiyo. Usiilinde."

Tuliondoka Alhamisi, tarehe 11 Januari 2007, kwa lori la mahindi. Ilipofika jioni tulikuwa Natta. Mama yake, mwanamke wa rika langu, alitupokea bila kuuliza sababu, ingawa majirani walikuwa wamejipanga kwenye ua kunitazama, mwoaji aliyekuja kuolewa. Alinipa kigoda, akampakata mjukuu wetu aliyekuwa na miaka minane na miguu mirefu. Mkono wake ulipopita juu ya magoti, ukasimama. Akapapasa. Akamuuliza binti yake kitu kwa lugha ya kwao.

Mkamwana wangu alimtuma mtoto akatazame ndama. Kisha akaketi karibu na mama yake akaanza kueleza. Alizungumza kwa muda mrefu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia katika Kiswahili chake, ya haraka, nzito, bila kusitasita hata mara moja. Mara mbili nilisikia neno Tarime. Mama yake alinitazama mara moja, macho makavu, akayarudisha kwa binti. Sikuelewa lugha, na sikuomba kutafsiriwa.